Macho, Mkono na Simu katika Gulio la Tengeru

Ukitoka Arusha mjini kwa barabara iendayo Moshi, Mlima Meru unabaki upande wako wa kushoto. Mlima huo una urefu wa zaidi ya mita 4,500, na siku nyingi kilele chake hujifunika mawingu. Baada ya kilometa 13 hivi unafika Tengeru. Siku za gulio ni Jumatano na Jumamosi. Akina mama huteremka kutoka vijiji vya mlimani wakiwa na mikungu ya ndizi, maparachichi, maharage na mboga. Si mbali na hapo ipo Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 2011.

Tangu M-Pesa ilipoanza hapa nchini mwaka 2008, simu imekuwa sehemu ya biashara hata ya mama anayepanga nyanya mafungu mafungu juu ya gunia. Huduma hiyo haihitaji simu ya bei kubwa. Kitochi kinatosha, wala si lazima pawepo intaneti. Mnunuzi kutoka mjini analipia mikungu kumi bila kubeba fedha mkononi, na mama harudi mlimani jioni akiwa amefunga mauzo yote kwenye pindo la khanga.

Sisi ni wauguzi wachache tunaojitolea kwa njia ya kanisa. Wauzaji wanapopumzika mchana, tunakaa nao na kufundishana kutumia simu katika biashara: kupokea malipo, kuangalia salio, kuweka akiba na kuandika mauzo ya siku.

Jambo moja tuliliona mapema. Mama wengi walikuwa na simu, lakini si wao waliobonyeza. Ujumbe ukiingia, humpa kijana wa jirani amsomee. Akitaka kutoa fedha, humtajia mtu mwingine namba yake ya siri. Ukimwuliza sababu atakujibu, "Wanangu, mambo haya ni ya vijana."

Tukamwomba mama mmoja muuza ndizi atusomee ujumbe wake. Akaisogeza simu mbali, akanyoosha mkono wote, akakunja uso. Wauguzi tunaijua ishara hiyo. Kuanzia miaka 40 hivi, lensi ya jicho hupungukiwa na uwezo wa kujikunja, na maandishi ya karibu huanza kufifia. Dawa yake si kozi ya kompyuta, bali ni miwani ya kusomea. Waswahili husema mwenye macho haambiwi tazama, lakini wengi tunawaambia watazame wakati hawaoni.

Jambo hili si dogo. Huko Bangladesh walifanyiwa utafiti watu zaidi ya 800 wa vijijini, wenye umri wa miaka 35 hadi 65, ambao hawakuona vizuri karibu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2024. Baada ya miezi minane, waliopewa miwani walikuwa na kipato kilichozidi cha wenzao kwa asilimia 33 hivi.

Baada ya macho hufuata mkono. Mgonjwa wa kisukari anayetakiwa kujichoma insulini nyumbani, muuguzi hamchomi kila siku. Anamwonyesha, kisha anakaa pembeni akimtazama anavyofanya mwenyewe. Simu nayo ni hivyo hivyo. Ukimbonyezea mama, umemaliza shida ya leo na kumwachia utegemezi wa kesho. Na anayeijua namba yako ya siri ameshika mkoba wako. Mama akijifunza kuiingiza mwenyewe, fedha ya karo na ya mbegu inabaki mikononi mwake.

Kujisomea pia ni ulinzi. Matapeli hutuma ujumbe usemao, "Ile hela tuma kwenye namba hii." Asiyeweza kusoma salio lake huamini upesi. Tunawafundisha akina mama kuangalia salio kwanza, kutomtajia mtu yeyote namba ya siri, na kuupeleka ujumbe wa utapeli kwenye namba 15040. Kwa kupiga *106# wanaweza pia kujua ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chao cha taifa.

Hatusemi simu inaondoa taabu zote. Makato ya kutoa fedha yapo, na betri huisha kabla gulio halijafungwa. Ndiyo maana daftari na kalamu bado vinakaa pembeni ya mizani.

Ndugu msomaji, pengine nyumbani kwako yupo mama au shangazi anayekupa simu yake kila ujumbe unapoingia. Kabla ya kumwona mzito wa kuelewa, mpeleke apimwe macho. Kisha kaa karibu naye, uikunje mikono yako, umwache abonyeze.