SANDUKU LANGU MLANGONI MWA LIFTI



Ndugu zangu, wiki iliyopita nilimsindikiza mama stesheni ya treni. Lifti imefungwa, iko kwenye matengenezo. Mama magoti yanamsumbua. Akapanda ngazi moja moja, kanishika bega, kila hatua anamtaja Allah. Mimi moyoni nawalaumu wahusika: wamekula amana!

Nikarudi chini kwa fundi, mikono yake imejaa grisi. Nikamuuliza kwa ukali, kulikoni? Akanijibu kwa upole: "Shekhe, lifti mara nyingi husumbua mlangoni. Watu wanauzuia kwa mguu, kwa mizigo. Unagongwa, unapinda, taka zinajaa kwenye reli yake ya chini. Na mlango usipofunga sawasawa lifti haiondoki, kwa usalama wenu."

Nikanyamaza. Mwezi uliopita, lifti ile ile, mimi niliuzuia mlango kwa sanduku la vitabu vya dini, nikimsubiri mwenzangu amalize kuongea na simu.

Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba kuondoa udhia njiani ni katika imani. Je, mwenye kuuweka? Mali ya umma ina haki ya mzee, ya mjamzito, ya mlemavu. Yule fundi akinuia kheri yuko kwenye ibada. Mimi nilikuwa na deni.

Nilimwomba mama msamaha. Akacheka: "Basi mwanangu, safari ijayo subiri nje ya mlango."

Allah atujaalie tuwe wenye kuondoa udhia. Aamin.