Mashine Mpya, Linux Ileile

Kwa mpwa wangu Salum,

Habari zimemfikia mjomba wako kwamba umepata kompyuta ya ofisi iliyotumika, yenye nguvu kuliko seva yako kuukuu, na wenzako wanakushauri ufute kila kitu uanze upya. Mjomba hakubaliani nao. Huo ni ushauri wa watu waliozoea Windows ya zamani, ambayo ikihamishiwa kwenye mazabodi ngeni mara nyingi iligoma kuwaka.

Linux nayo haikuzaliwa msafiri. Agosti 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alipoitangaza kazi yake alitahadharisha kwamba haihamishiki, kwani imefungwa kwenye prosesa ya 386, na huenda isijue kamwe diski za aina nyingine zaidi ya ile aliyokuwa nayo. Leo kerneli, kiini cha Linux, hubeba draiva za maelfu ya vifaa, nayo huchagua za kupakia kila inapowaka. Ndiyo maana diski yenye Debian ikitolewa kwenye mashine moja na kuchomekwa kwenye nyingine, aghalabu huendelea na kazi. Fedora ni bahili kidogo: initramfs yake, ule mfumo mdogo unaoamka kwanza, hubeba draiva za mashine iliyopo tu. Mwenye Fedora huunda ya jumla kwa dracut kabla ya kuhama.

Mipaka ipo. Mfumo wa prosesa za Intel na AMD hauwaki kwenye Raspberry Pi, ambayo ni ARM. Kerneli nzee nayo haijui kifaa kipya: kadi ya mtandao ya Intel I225 hutaka draiva ya igc, na kerneli 4.19 ya Debian 10 haina.

Kinachowaponza wengi, hata hivyo, ni mtandao. Tangu 2013 systemd huipa kadi jina kulingana na mahali ilipochomekwa, kwa mfano enp3s0. Mazabodi ikibadilika, kadi huweza kuitwa enp5s0 au eno1, huku faili la /etc/network/interfaces likiendelea kuliita jina la marehemu. Seva imewaka salama, huduma zinafanya kazi, ila haifikiki. Mwenyewe hana skrini wala kibodi hapo, anaamini Linux imekufa, anafuta mfumo wa miaka mingi kwa sababu ya neno moja! Siku ya kuhama, skrini na kibodi viwepo. Amri ya ip link itaonyesha jina jipya. Na ruta ikaguliwe pia, maana anwani iliyotengewa MAC ya kadi ya zamani haitaifuata mashine mpya.

Halafu kuna UEFI, programu ya mazabodi inayoiamsha kompyuta. Orodha ya mifumo ya kuwasha hukaa kwenye kumbukumbu ya mazabodi, haimo ndani ya diski. Diski inafika kama mpangaji aliyehama na vyombo vyake vyote, lakini mwenye nyumba hana jina lake daftarini. Dawa hutolewa mapema, mashine ya zamani ikiwa bado hai: grub-install yenye --removable huacha nakala mahali ambapo UEFI yoyote hutazama, EFI/BOOT. Kama ya zamani iliwaka kwa BIOS na mpya inakubali UEFI tu, itabidi kwanza kutenga kizigeu cha EFI, kazi ya jioni nzima.

Faili la fstab, lenye orodha ya diski za kupachikwa, litumie UUID, kitambulisho cha kizigeu chenyewe. Aliyeandika /dev/sda1 atakwama siku atakaponakili mfumo kwenye NVMe, ambayo huitwa nvme0n1. Waliounganisha diski kwa mdadm wana raha, kwani maelezo ya muungano yamo ndani ya diski zenyewe na mpangilio wa nyaya hauna neno. Waliotegemea kadi ya RAID wazihamishe diski pamoja na kadi hiyo.

Bekapu ichukuliwe kabla ya bisibisi kuguswa, kisha ijaribiwe kwa kurudisha faili kadhaa.

Mashine ya zamani isiuzwe kwanza. Na ukinakili diski badala ya kuihamisha, usiziwashe zote mbili kwenye mtandao mmoja: zitakuwa na machine-id moja, funguo zilezile za SSH, na kama anwani imeandikwa kwa mkono, zitaigombania.

Mjomba wako