Anayeijua Milango Yetu

Viazi huibwa vikiwa bado ardhini. Mwenye shamba anakwenda alfajiri, jembe begani, anakuta tuta limefumuliwa, mashina yamelazwa kando na majani yake hayajanyauka, udongo mweusi wa volkano uko wazi kwa baridi. Vilivyochukuliwa ni vile vikubwa. Vidogo vimefukiwa tena, kwa mkono wa mtu anayejua kwamba kiazi kikipigwa na jua hugeuka kijani.

Hapo ndipo moyo unaposita. Mwizi ni mkulima. Anajua tuta lipi lilitangulia kupandwa, anajua mbwa analala wapi, anajua kwamba mwenye shamba ana homa tangu juzi na usiku hatatoka. Mtu wa mbali angeyajuaje haya?

Ndoo mbili za viazi zinahesabika, na bei yake inajulikana. Kuna kingine kilichobebwa usiku ule, nacho hakuna daftari la mkuu wa kijiji litakalokiandika. Kuanzia asubuhi hiyo kila salamu njiani kwenda soko la Mahoko ina swali ndani yake. Mwaramutse, mama. Unaitikia kwa adabu, huku macho yako yamekwisha kushuka kutazama viatu vya mwenzako kama vina udongo. Ni nani aliyekupa macho haya? Na utamrudishia nani?

Hapa ni Nyakiriba, moja ya sekta 12 za wilaya ya Rubavu nchini Rwanda, vilima vilivyo nyuma ya mji wa Gisenyi, upande wa bonde la mto Sebeya. Habari zake hazifiki mbali. Uhalifu wake, ukiusikiliza, ni wa mbuzi, wa kuku, wa jembe, wa mpaka wa shamba uliosogezwa hatua moja wakati wa mvua, wa ugomvi ulioanzia kwenye pombe na kuishia hospitali. Na nchi yenyewe inasifika kwa utulivu. Katika vipimo vya Bodi ya Utawala ya Rwanda, usalama huongoza nguzo nyingine zote, mwaka baada ya mwaka, kwa zaidi ya asilimia 90. Naziamini namba hizo. Gari la Kigali linashusha abiria gizani, mwanamke anapanda kilima peke yake na mzigo wake, anafika. Si jambo dogo. Ziko nchi jirani ambako wanawake wameacha hata kuliota.

Lakini mtu anapoulizwa kama yuko salama, anaulizwa nini hasa? Anaulizwa kuhusu barabara, au kuhusu usingizi wake?

Bado zipo nyumba katika vilima hivi ambamo jioni mbuzi huingizwa ndani pamoja na watoto. Wahudumu wa afya wamekataza kwa miaka mingi. Wanaeleza juu ya viroboto, juu ya kinyesi, juu ya vifua vya watoto. Mama anawasikiliza, anaelewa kila neno, anawashukuru kwa kuja. Kisha giza linaingia, naye anafungua mlango kumwingiza mnyama, kwa sababu mnyama huyo ni sare za shule, ni mchango wa mituweli, bima ya afya, wa mwaka ujao, ni pesa ya kumfikisha mgonjwa hospitali siku isiyotajwa. Pumzi ya mbuzi na pumzi ya mtoto zinachanganyika gizani. Huo tuuite woga, au tuuite upendo? Nikijaribu kuvitenganisha nabaki na nyuzi tu mkononi.

Ndani ya chumba hicho najiuliza nani yuko nje. Kwa miaka mingi, nje palikuwa na irondo, doria ya usiku. Wanaume wa kijiji walikwenda kwa zamu, leo nyumba hii, kesho ile, wakiwa na fimbo na makoti mazito, wakizunguka mpaka ukungu wa asubuhi ushuke. Hawakuwa na silaha ya maana. Silaha yao ilikuwa kujua. Doria ni masomo ya polepole: unajifunza mlango upi unalia ukifunguliwa, nani anakohoa usiku, nani mumewe amevuka mpaka kwenda Goma na hajarudi, mjane gani huacha taa ikiwaka kwa sababu hawezi kulala gizani. Ukikutana na mtu njiani saa nane, huhitaji kumwuliza jina. Unamwuliza tu anatoka wapi, na kwa jinsi anavyojibu unajua.

Nadhani hakuna ulinzi mwingine mashambani. Polisi yuko mbali, barabara ni ya matope, na kilio hakisafiri kupita kilima cha pili. Kinachomlinda mtu ni kwamba anajulikana. Yupo mtu anayejua kwamba mlango wako, saa hii, haukupaswa kuwa wazi.

Na hapa ndipo nashindwa kuendelea bila kutetemeka. Kwa sababu katika Aprili 1994 waliojua ndio waliokuja.

Hawakuhitaji ramani. Utaratibu wa nyumba kumi ulikuwepo, orodha zilikuwepo, doria zilikuwepo, na fimbo zilikuwa zimekwisha kuzoea mikono. Doria iliyozunguka kuwalinda watu iliambiwa sasa iwatafute, na ikajua pa kuwatafuta. Ilijua kuku walifugwa wapi, choo kilichimbwa wapi, dari ipi ingeweza kubeba mtu. Vizuizi vya barabarani vilisimamiwa na watu waliosalimiwa kwa majina. Pale Nyundo, ng'ambo ya bonde, waliokimbilia kwenye kivuli cha kanisa kuu waliuawa katika siku za mwanzo kabisa za mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Gisenyi mjini walipelekwa makaburini, mahali ambapo wauaji walipaita Commune Rouge, na jina hilo bado lipo, juu ya jiwe la kumbukumbu.

Tangu hapo, kujulikana ni nini? Mtu aliyenusurika, jirani akimwambia, usiogope, nakujua wewe ni nani, aisikieje sentensi hiyo? Maneno ni yaleyale ambayo mama yake aliambiwa akiwa bibi harusi, alipoletwa kilimani kwa mara ya kwanza.

Usiku wa vilima hivi haukuishia hapo. Mwezi wa Septemba 1995, Kanama, sekta ya jirani, waliuawa raia zaidi ya 100, na safari hii waliokuja walivaa sare za jeshi. Mwaka 1997 kambi ya wakimbizi ya Mudende, iliyohifadhi Watutsi kutoka Kongo, ilishambuliwa mwezi Agosti, kisha tena Desemba, na mamia wakafa. Nyakati zile za abacengezi, waasi waliopenya kutoka ng'ambo ya mpaka, mlango ukigongwa kulikuwa na hesabu ya kufanywa kabla ya kuitika: huyu ni wa upande gani, naye anataka mimi niwe wa upande gani? Kizazi kimoja kizima kilijifunza kusikiliza hatua za miguu. Sijui elimu hiyo husahaulika vipi. Pengine huwapita watoto bila kutamkwa, kwa jinsi mama anavyonyamaza ghafla katikati ya chakula, mbwa anapobweka.

Mengine nitayasema haraka, kwa kuwa yameandikwa katika sheria na matangazo. Polisi ya Taifa ilizaliwa mwaka 2000. Vijana wa Local Defence, wenye bunduki na makoti ya rangi moja, walivunjwa mwaka 2014, nafasi yao ikachukuliwa na DASSO, chombo cha usalama cha wilaya kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2013. Na irondo yenyewe ilianza kubadilika. Katika sehemu nyingi haiendi tena kwa zamu. Kuna irondo ya kulipwa, irondo ry'umwuga: vijana waliochaguliwa, wenye fulana zinazong'aa na tochi, wanaolipwa kwa mchango ambao kila kaya hutoa kila mwezi.

Wazee wengine wanasikitika. Wanasema zamani kijiji kilijilinda chenyewe, sasa kinanunua ulinzi. Nami nawaelewa, maana anayelipwa huhesabu saa zake, na mtoto wangu ataikosa ile shule ya usiku niliyoieleza. Hatajua nani anakohoa. Lakini nikiwa peke yangu nawaza kinyume, na wazo hilo linanikalia kifuani: je, huenda hatununui ulinzi tu? Huenda tunanunua pia ruhusa ya kutojuana sana. Mlinzi anayepita, akaangaza tochi, akaenda zake, bila kufahamu nimelala chumba kipi, je, si rehema ya aina fulani? Baada ya yote yaliyofanywa na waliotujua, nani atatulaumu tukitaka kidogo tu kuwa wageni?

Jirani zetu wengine wameifikia njia panda hii kwa barabara zao. Huko Usukuma na Unyamwezi, Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanakijiji waliochoshwa na wezi wa ng'ombe waliunda sungusungu, makundi yao ya ulinzi, wakarejesha ng'ombe, na katika maeneo mengine wakawatesa wanawake wazee kwa tuhuma za uchawi. Kenya iliitangaza Nyumba Kumi, mpango wa majirani kujuana, mwaka 2013, baada ya shambulio la kigaidi la Westgate jijini Nairobi, na wako waliouliza papo hapo: nitamlinda jirani, au nitamripoti? Kila mahali swali ni hilohilo, ila hapa Rubavu limekwisha kujibiwa mara moja, kwa njia mbaya kuliko zote, na bado ni lazima liulizwe upya kila jioni.

Kwa sababu jirani asiyejulikana kabisa naye ni hatari. Chini mjini Gisenyi limetokea kundi la vijana wanaoitwa Abuzukuru ba Shitani, Wajukuu wa Shetani. Wananyang'anya simu, wanajeruhi, wanapotelea vichochoroni. Jina hilo linaniumiza kwa namna ya pekee. Mjukuu wa Shetani ana mama, na mama huyo anauza nyanya mahali fulani. Baadhi ya vijana wa mitaani hupelekwa kisiwani Iwawa, katikati ya Ziwa Kivu, wakafundishwe useremala na ushonaji. Wakati mtumbwi unapomtoa mtoto ufukweni, nani aliyepotelewa usiku huo: aliyeporwa simu, au mama anayetandika kitanda ambacho hakitalaliwa? Na kabla hajachukua kisu, katika miaka yote ile, nani katika mtaa alimjua kiasi cha kumwuliza anatoka wapi?

Halafu nakumbuka mvua. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 vilima vya magharibi viliporomoka, Sebeya ikavunja kingo zake, na nchi ikazika zaidi ya watu 130. Hakuna fimbo wala tochi ya kuzuia maji. Lakini usiku wa namna ile, nani ajuaye nyumba ipi ina bibi asiyeweza kutembea? Nani ajuaye kwamba katika chumba cha nyuma kuna mtoto mchanga, kwamba mlango wa ile nyumba ya udongo hufunguka ukiusukuma chini kwanza? Kiongozi hajui, hata picha ya setelaiti haijui. Ajuaye ni jirani. Ni ujuzi uleule, wa dari na choo na chumba cha nyuma, katika mikono ileile au mikono ya watoto wao, na sasa unamvuta mtu kutoka kwenye maji.

Nimeukalia ukweli huu kwa muda mrefu, nikiugeuza huku na huku. Tulichopoteza ni nini basi? Si usalama, ambao namba zinasema upo. Si majirani, kwa kuwa wapo, wanasalimia, wanakuja umuganda, kazi ya jamii, Jumamosi ya mwisho wa mwezi na kuchimba mifereji pamoja. Nadhani tulipoteza ule uzito mwepesi wa kujulikana bila kufikiri. Mtu wa zamani alilala huku mlango wake umo katika kumbukumbu ya kijiji kizima, na hakujua kwamba hiyo ni imani, kwa kuwa hakuwahi kuiona ikivunjwa. Sisi tumeiona, na hata ikirudi, itarudi ikiwa uamuzi wa kila siku.

Gereza la Rubavu liko hapahapa, Nyakiriba, na ukuta wake unaonekana na wanaopita kwenda shambani. Mahakama za gacaca, za kijamii, zilizohukumu mauaji ya kimbari, zilifungwa mwezi Juni 2012, baada ya kusikiliza kesi karibu milioni 2 nchini kote, na vifungo vya miaka 20, 25, hata 30 vilivyotolewa kwa mauaji yale vinaendelea kufika mwisho wake. Mzee anatoka na mfuko mdogo. Anapanda kilima alichozaliwa. Nyumba nyingi zimebadilika, mabati mahali pa vigae, lakini milango mingine ipo palepale, na mmojawapo ni wa mjane anayeacha taa ikiwaka.

Mwisho wa mwezi atapita mkusanyaji wa mchango wa usalama. Mzee huyo naye ana kaya sasa, naye atatoa noti yake, na noti hiyo itawekwa pamoja na ya mjane, na kwa hizo zote mbili atalipwa kijana wa kupita na tochi mbele ya milango yote miwili. Mjane, akiisikia miguu ya kijana huyo usiku, atajua kwamba sehemu ya hatua zile imelipiwa na nani. Je, atalala?