“Mimi Popote Tu”: Kuchagua Hoteli ya Disney Mkiwa Watu Wazima

Niseme msimamo wangu mapema, ndio ukitaka kukasirika ukasirike ukiwa umeketi: watu wazima wakienda Disney bila mtoto hata mmoja, hoteli ichaguliwe kwa miguu. Isichaguliwe kwa picha ama kwa jina. Na isichaguliwe kwa aibu ya kutumia pesa yako mwenyewe.

Najua wengine wenu mmekwama hapo kwa “bila mtoto hata mmoja”. Hata kwetu ilikuwa hivyo. Tulipotangaza kwamba tunaenda Walt Disney World, kule Florida, Marekani, mimi, cuzo wangu na dada yangu mkubwa, shangazi aliuliza kwenye grupu ya familia: “Na mnapeleka watoto wa nani?” Tukamjibu, hakuna watoto, Aunty, ni sisi. Alinyamaza siku mbili, kisha akatuma emoji moja ya mikono ya kuomba.

Hebu niwaambie kuhusu dada. Yeye ndiye kifungua mimba. Kama wewe ni msichana na ni kifungua mimba, tayari unajua hadithi, unaweza kuruka hii aya. Alinibeba mgongoni akiwa na miaka tisa. Alijua bei ya unga kabla hajajua kuendesha baiskeli. Alipofika Minnesota, kazi ya kwanza aliyopata ilikuwa ya kutunza wazee, na mshahara wake wa kwanza ulilipa karo yangu ya Form One. Sasa ana miaka 34, ni nesi, anafanya shifti za usiku, masaa kumi na mawili akiwa amesimama. Akija nyumbani, huwa ni matanga ama ni harusi ya mtu. Likizo yake mwenyewe, hakuna.

Kwa hivyo mimi na cuzo tukachanga, mwaka mmoja na nusu, pole pole. Tukampigia simu tukamwambia: safari hii ni yako, wewe chagua hoteli.

Akasema, “Mimi popote tu. Hata ile ya bei ya chini kabisa. Si ni kulala tu?”

Wasee, si kulala tu. Wacha nieleze, kwa sababu wengi wetu huku tukisikia Disney tunafikiria ni uwanja mmoja wenye bembea kubwa na geti.

Walt Disney World ilifunguliwa 1971, na ardhi yake inazidi kilomita 100 za mraba. Nairobi National Park yetu ni 117. Yaani fikiria mbuga nzima, kisha ndani yake weka bustani nne za burudani, Magic Kingdom, Epcot, Hollywood Studios na Animal Kingdom, halafu utawanye hoteli zaidi ya 25. Zote ziko “ndani ya Disney”. Lakini mtu akikuambia analala Nairobi, hajakuambia kitu bado. Anaweza kuwa Embakasi na shughuli yake iko Karen.

Hoteli za Disney zenyewe zimepangwa kwa madaraja matatu makubwa: Value, Moderate na Deluxe. Deluxe inaweza kukutoa mara tatu ya Value au zaidi, kutegemea tarehe. Sasa kabla ujisikie maskini, jua kwamba kuna vitu ambavyo wote wanapata sawa. Aliyelala Value na aliyelala Deluxe wote wanaruhusiwa kuingia bustanini dakika 30 kabla ya watu wa nje, kila siku. Wote wanapanda basi za Disney bila kulipa. Deluxe wanaongezewa masaa ya usiku katika siku chache zilizochaguliwa. Zaidi ya hapo, unachonunua hasa ni nafasi na mahali.

Na hii ndio sehemu ya watu wazima ambayo hakuna mtu huku-ambia. Kwanza, hakuna hoteli ya Disney hapo inayokataza watoto. Usitafute, haipo. Pili, kutobeba watoto hakupunguzi bei. Tiketi ya mtu mzima inaanza miaka 10, kwa hivyo hakuna mtu kwenye mbogi yenu atapata punguzo la mtoto. Tatu, bei ya chumba huwa ya watu wazima wawili. Mkiwa watatu, huyo wa tatu anaongezewa ada kila usiku. Tungekuwa wawili na mtoto mmoja, ada hiyo isingekuwepo. Kwa hivyo piga hesabu ukijua wewe ndiye mteja anayelipa kila kitu kamili. Ukishajua hivyo, aibu inaisha. Hujaja kuazima raha ya watoto wa watu.

Sasa tuje kwa hoteli tatu zilizobaki kwenye orodha yetu.

Ya kwanza ilikuwa ya cuzo: Animal Kingdom Lodge. Naelewa. Ilifunguliwa 2001, imejengwa kwa mtindo wa Kiafrika, na vyumba vingine vinatazama uwanda wenye twiga na pundamilia wa kweli. Halafu majina! Jengo moja linaitwa Jambo House, lingine Kidani Village. Mikahawa ni Boma, Jiko na Sanaa. Kidimbwi cha kuogelea kinaitwa Uzima. Kwenye bustani iliyo karibu kuna kijiji kinaitwa Harambe, e moja imepotelea njiani. Kama mtu wa kontenti nilikuwa naona video zikijirekodi zenyewe: Mkenya anasoma vibao Florida, Mkenya anaamkiwa na twiga.

Lakini twiga mimi namwona nikiwa kwa SGR. Na hoteli ambayo twiga anaingiza kichwa dirishani mkinywa chai tunayo Lang'ata. Hiyo siyo sababu kubwa, lakini. Sababu kubwa ni kwamba lodge hiyo iko pembeni. Bila gari lako au teksi, unategemea basi pekee, hata kwa bustani ya wanyama ambayo ni jirani yake. Ukitaka kutoka Epcot saa tatu usiku baada ya fataki, unapanga foleni ya basi, unasimama kwa basi kama imejaa, kisha bado unatembea kwenye korido ndefu hadi chumbani. Na si kila chumba kinaona wanyama. Vile vya bei nafuu vinaweza kukuonyesha maegesho. Wapenzi wawili wanaotaka kukaa kwa roshani asubuhi nzima bila haraka, hiyo ni hoteli yenu. Sisi tulikuwa na mtu ambaye amesimama miaka kumi.

Ya pili ilikuwa chaguo la dada: Pop Century, daraja la Value. Na siwezi kuidharau, ni hoteli ya akili. Iko kwenye Skyliner, yale magari madogo yanayoning'inia kwenye waya yaliyoanza 2019, yanayokupeleka Epcot na Hollywood Studios. Ukiwa na miaka 21, uko na rafiki mmoja, mnatoka asubuhi na kurudi usiku wa manane, lala hapo na hiyo chapaa nyingine mle nayo. Shida yetu ilikuwa chumba. Ni kidogo, na kitanda cha pili hukunjwa ukutani. Mchana ni meza, usiku unakishusha. Watu wazima watatu, mmoja wao anayelala mchana kwa sababu mwili wake umezoea kuamka usiku. Nani atakula mezani na nani atalala?

Ya tatu niliisukuma mimi: BoardWalk Inn. Deluxe, ilifunguliwa 1996, imejengwa kama hoteli za zamani za pwani ya mashariki ya Marekani, mbao nyeupe kando ya maji. Haina twiga. Haina neno la Kiswahili hata moja. Ila unatoka mlangoni, unatembea dakika chache kando ya maji, na uko kwenye geti la nyuma la Epcot. Ukitembea upande mwingine kama dakika ishirini, uko Hollywood Studios. Huna shughuli na basi. Kwa Magic Kingdom na Animal Kingdom ndio lazima upande, tulijua.

Na Epcot ndio bustani ya watu wazima, usibishane na mimi. Nusu yake ni nchi 11 zilizozunguka ziwa, kila moja na chakula chake na vinywaji vyake. (Afrika ni Morocco pekee, tutaongea siku nyingine.) Tulienda Septemba, shule za Marekani zikiwa zimefunguliwa, na tamasha lao la chakula na mvinyo likiendelea. Beba pasipoti kama unataka kinywaji. Florida ni miaka 21, na watakuuliza hata ukiwa na ndevu. Upande huo wa nchi unanoga jioni, wakati watoto wamechoka na wanabebwa nje wakilia. Kwa hivyo hoteli nzuri kwa mtu mzima ni ile inayokuruhusu kupumzika mchana na kurudi usiku.

Dada alipoona bei, alinipigia. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, “Hiyo tofauti si ingemaliza ukuta wa plot ya mathe?”

Nilinyamaza, kwa sababu ingeumaliza kweli. Na kwa upande wangu tofauti hiyo hiyo ilikuwa kamera niliyokuwa nawekea akiba. Cuzo ndiye alijibu, alikuwa kwenye laini nasi: “Dada, ukuta utangoja. Wewe umengoja kuliko ukuta.”

Simu ilikaa kimya mpaka nikadhani imekatika. Kisha akasema, “Basi sawa. Lakini maji ya kunywa tununue supermarket.” Tukakubali. Huwezi kushinda kila vita.

Siku ya pili tuliingia Epcot mapema. Kufikia saa saba mchana jua la Florida lilikuwa limetupika, na kwa mbali mawingu meusi yalikuwa yanajipanga, maana Septemba huko mvua ya alasiri ni kama imeajiriwa. Nikamwona dada anabadilisha mguu: anaegemea huu, anaegemea ule, kama mtu wa wodini. Hakusema amechoka. Hajawahi kusema. Tukamwambia tu, twende chumbani.

Dakika kumi baadaye alikuwa amevua viatu. Tulikuwa na vitanda viwili vikubwa. Mimi na cuzo tulikuwa tunalala kimoja, yeye chake peke yake. Alilala akiwa bado na saa mkononi. Mvua ikanyesha, radi ikapiga, dada hakutingishika. Saa kumi na moja jioni aliamka, akaangalia dirisha, akauliza kama kuna mtu alimpigia simu. Hakuna. Akauliza kama tumekula. Tumekula, Dada. Akakaa hapo kitandani akitafuta kitu kingine cha kuuliza, akakosa.

Mimi nina miaka 24 na hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona dada akilala mchana bila kuwa mgonjwa ama kutoka kazini. Jioni tukatembea tena hadi Epcot, akapanda kila kitu alichokuwa ameogopa asubuhi, akapiga kelele kuliko watoto wa mbele yetu. Fataki zilipoisha watu walikimbilia mabasi. Sisi tulitembea nyumbani polepole, yeye ameshika viatu mkononi.

Na twiga? Tuliwaona. Si lazima ulale kwenye lodge ndio uwaone. Mkahawa wa Sanaa unatazama uwanda wa wanyama, na mtu wa nje anaweza kuweka meza. Tulienda mchana mmoja, tukala mikate yao na michuzi mingi midogo, twiga wakipita nje. Dada alisoma jina la mkahawa kwa sauti, polepole, kama mtu anayeitwa na mtu anayemjua. Cuzo alipata video zake. Tukarudi kulala karibu na Epcot.

Kwa hivyo siwaambii kila mtu alipie Deluxe. Wengi wetu hatuna hiyo pesa, na sisi pia tulikula noodles miezi mingi. Ukilala Pop Century, omba chumba kilicho mbali na kidimbwi kikubwa. Ninachokataa ni ile tabia ya kuchagua kwanza kitu kidogo kabisa halafu kukiita unyenyekevu. Watu kama dada wamefanya hivyo kwa sahani ya chakula, kwa kiti cha mat, kwa kila kitu, mpaka hata raha yao wenyewe wakiipewa wanauliza bei ya ukuta.

Kuna mtu kwenu anayesema “mimi popote tu”. Mkipanga safari naye, usimuulize anapenda hoteli gani, hatakuambia. Muulize anaumwa wapi akitoka kazini na huwa analala saa ngapi. Halafu fungua ramani, pima umbali wa mlango hadi geti, na uchague ukiwa na yeye akilini. Tofauti ya bei mchange, na risiti msimwonyeshe.