Themostati: Nyuzi Ngapi Zinafaa?



Napenda kuwasimulia kosa nililolitenda kwa mkono wangu mwenyewe, nikitaraji kwamba atakayelisoma hatalirudia.

Mwaka 1997 nilinunua Land Rover kuukuu, Series III ya petroli, yenye injini ya lita mbili na robo. Nia yangu ilikuwa kuitumia hapa Leicester kwa miaka michache, kisha kuisafirisha kwetu Lushoto, ambako masika huzigeuza njia za milimani kuwa utelezi mtupu. Juma la kwanza nilifungua boneti, nikafanya nililoliona likifanywa na mafundi tangu utotoni mwangu: niliitoa themostati nikaitupa. Kwetu kifaa hicho kilihesabiwa kuwa ni cha Wazungu na baridi yao. Gari likichemsha, fundi huanza kwa kukitoa, na mwenye gari hushukuru. Wahenga walisema mazoea yana taabu.

Baridi ilipoingia, taabu ikaanza. Mshale wa geji ya joto haukunyanyuka. Hita ilipuliza upepo wa baridi. Petroli ililiwa kupita kiasi, na chini ya kifuniko cha oili nikakuta utando mweupe mfano wa maziwa mgando. Mimi nikaulaumu uzee wa gari.

Jumamosi moja ya Januari 1998 nilikuwa nikiwapeleka watoto madrasa. Pumzi zetu zilitanda ukungu kwenye kioo cha mbele, nami nikawa naendesha huku nafuta kwa kiganja. Nusura nimgonge bibi kizee aliyekuwa akivuka barabara. Mwenyezi Mungu alimnusuru, akatunusuru na sisi. Binti yangu mdogo alilia hadi tulipofika, na kurudi nyumbani tulirudi kwa basi.

Baada ya sala ya adhuhuri nilimwendea mzee wetu mmoja kutoka Unguja, aliyepata kuwa fundi wa mitambo ya meli.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekusawijika?"

Nilipokwisha kumweleza, hakuniuliza habari za hita. Aliuliza, "Themostati yako ni ya nyuzi ngapi?" Nikamjibu kwamba sina. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi umeivua nguo injini katika theluji, ukaketi kuishangaa inavyotetemeka."

Akanieleza kwa utaratibu. Themostati ni mlango mdogo katika njia ya maji yaendayo kwenye rejeta. Ndani yake mna nta. Nta ipatapo joto huvimba ikausukuma mlango ukafunguka. Ipoapo hunywea, na springi huurudisha. Injini ikiwa baridi, mlango hufungwa, maji huzunguka ndani kwa ndani, na injini hupata joto upesi. Nyuzi zilizochapwa juu ya kifaa ndizo ambazo mlango huanza kufunguka. Huwa wazi kabisa nyuzi kumi au zaidi kupita hapo.

"Kwa hiyo," akasema, "themostati huzuia joto lisishuke mno. Kulizuia lisipande mno ni kazi ya rejeta, feni na pampu ya maji."

Nikaelewa pia ule utando mweupe. Katika injini iliyo baridi petroli haigeuki mvuke barabara. Matone yake huosha oili kwenye kuta za silinda, na unyevu usiopata joto la kuukausha hubaki ndani ya oili. Injini huliwa polepole bila kupiga kelele.

Tulipofika dukani tulikuta themostati za nyuzi 74, 82 na 88. Kwa woga wa kuchemsha nikaishika ile ya 74. Ami akanirudishia mkono. "Ukiogopa joto, jiulize swali hili: gari likiwa linapanda mlima kwetu, jua la utosi, maji yamefika nyuzi 95, mlango wa 74 uko wazi, na wa 82 uko wazi. Umefaidi nini?" Sikuwa na jibu. Tukanunua mbili: ya 88 kwa majira ya baridi ya huku, na ya 82 kwa siku gari litakaporudi nyumbani.

Kabla ya kuzifunga tulizijaribu. Tuliitundika kila moja kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, isiguse chini, tukatia kipimajoto na kuwasha moto. Zote mbili zilifunguka karibu na nyuzi zilizoandikwa. Jioni ile tulifunga ya 88, na kwa mara ya kwanza hita ilitoa joto na kioo kikatakata.

Mwaka 2001, siku chache kabla ya gari kupandishwa meli, nilitia ile ya 82. Baada ya miezi michache shemeji akanipigia simu: gari limechemsha likipanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, na fundi anataka kuitoa themostati. Nikamsihi kwanza aitazame rejeta. Walikuta mapezi yake yamezibwa kwa tope na mbegu za nyasi, na mkanda wa feni umelegea. Waliosha, wakakaza, na gari likaupanda mlima ule bila kuchemsha. Themostati ilibaki mahali pake. Tena ziko injini ambazo ukiitoa, sehemu ya maji hupita njia ya mkato, ikarudi kwenye injini bila kufika kwenye rejeta. Hapo ndipo unapochemsha zaidi.

Ami alitangulia mbele ya haki mwaka 2009, Mwenyezi Mungu amrehemu. Wasia wake nauacha kwenu: chagueni nyuzi kwa mujibu wa injini na hali ya hewa ya mahali mlipo, wala si kwa woga, na gari likichemsha, tafuteni ugonjwa wenyewe kabla ya kulitoa kiungo lililozaliwa nacho.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam.