MKOROGO HAJAPAKA, NI KAMERA! Mwimbaji wa taarabu alivyokosa safari ya Muscat kisa video

Kuna dada mmoja wa taarabu hapa Dar, jina kapuni, ambaye kwa miaka mingi alikuwa muitikiaji tu. Anasimama nyuma na wenzake, gauni sare, anaitikia, shoo ikiisha anapewa nauli anaondoka zake. Mwaka huu ndiyo akapewa wimbo wake mwenyewe. Na kipindi hichohicho kukawa na promota wa Muscat anatafuta mwimbaji wa kwenda kuimba kwenye maharusi kule. Alichotaka ni kitu kimoja: video ya jukwaani, siyo ya studio. Studio kila mtu anaimba vizuri, bwana.

Dada akamtafuta kijana wa kamera, mtoto wa Mbagala anayejulikana kwa kushuti harusi na kicheni pati. Bei laki na nusu. Kijana akafika na kamkoda nzuri tu, siyo mbovu, akaifunga kwenye stendi, akawasha, akaiacha kwenye otomatiki kama anavyofanya siku zote. Harusini inakubali, maana ukumbi mzima taa zinawaka.

Jukwaa la taarabu ni habari nyingine. Nyuma kitambaa cheusi, mbele taa kali inampiga mwimbaji usoni, na dada siku hiyo kavaa gauni jeupe la kumetameta. Kamera ikiwa otomatiki haijui nani kaja kuimba. Inaangalia picha nzima, inaona sehemu kubwa ni giza, inasema hapa mwanga hautoshi, inajifungua. Kitambaa cheusi kikawa kijivu, na uso wa dada ukawa mweupe pee, pua yenyewe ya kutafuta.

Mtu akakata kipande cha sekunde 30 akakirusha status. Weee! "Huyu kajichubua." "Uarabuni hajafika, mkorogo keshapaka mpaka masikioni." Dada ni mweusi wa kuwaka, hajawahi kugusa mkorogo maisha yake yote. Shangazi yake akapiga simu kutoka Tanga analia, "Mwanangu, ngozi aliyokupa Mungu umeifanya nini?" Promota yeye mambo ya ngozi hakuyagusa. Alisema uso hauonekani na sauti imepasuka, akachukua mtu mwingine.

Wajuaji wakaanza kusema tatizo ni kamera ya bei chee, kijana anunue ya 4K. Uongo huo. 4K iliyozidishwa mwanga inakupa uso uleule mweupe, ila mkubwa zaidi.

Kijana sifa yake ni moja, hakuzima simu. Alimfuata dada nyumbani akamwambia, "Dada, nipe shoo moja nyingine, sichukui hela." Dada akamjibu, "Mdogo wangu, hela siyo tatizo. Shangazi ndiyo tatizo."

Safari ya pili alifika ukumbini saa 10 jioni, mafundi ndiyo kwanza wanafunga taa. Akamwomba dada asimame jukwaani na gauni lenyewe, siyo na dera la nyumbani, taa zikawashwa kama zitakavyokuwa usiku. Akatoa otomatiki, akashusha mwanga kidogo kidogo huku akiangalia uso tu, mpaka shavu likaonekana shavu na shanga za gauni zikahesabika. Nyuma pakawa giza totoro. Pawe giza, nani kaja kuangalia kitambaa? Geini nayo, ile inayoongeza mwanga kwa nguvu na kuleta chenga, akaizuia isipande ovyo. Shata akaweka 1/50, kwa sababu umeme wa Tanzania ni hezi 50 na taa nyingi zinapepesa kufuata umeme. Ukiweka 1/60 ya Kimarekani, picha inaweza kuanza kupumua.

Halafu rangi. Ile WB kwenye menyu ikiwa otomatiki, taa ikigeuka zambarau kamera inadhani kuna kosa, inajaribu kuirudisha nyeupe, basi mwimbaji anabadilika katikati ya beti kama kinyonga. Taa za mbele zilikuwa LED nyeupe, kijana akafunga kwenye 5600. Zingekuwa zile za kizamani za balbu, zenye mwanga wa manjano, angeweka 3200.

Kwenye fokasi ndipo taarabu inawaumbua wapiga picha wengi. Wimbo ukikolea kinamama wanapanda kutunza. Anakuja mmoja na noti zake, anacheza mbele ya mwimbaji, na fokasi otomatiki inahamia kwenye mgongo wake na kung'ang'ania hapo, dada nyuma anabaki ukungu. Kijana akazumu mpaka kwenye macho ya dada, akaweka fokasi kwa mkono, akairudisha zumu nyuma na kuifunga. Hii inawezekana kwa sababu mwimbaji wa taarabu anasimama palepale na maiki yake. Ukijaribu kwenye singeli utalia. Stendi akaipandisha juu ya meza ya ukumbi ili kamera ipite juu ya vilemba. Mabaunsa wakamcheka sana.

Sauti ikabaki kwa mzee wa mitambo. "Shikamoo mzee, naomba waya mmoja kutoka kwenye miksa." "Marahaba. Usije ukaniunguzia tu." Waya ukaingia chaneli ya kwanza, swichi ikawekwa LINE, maana sauti ya miksa ikiingia kwenye MIC lazima ipasuke, na mara ya kwanza ilikuwa hivyohivyo. Chaneli ya pili akaiachia maiki ya kamera iwasikilize watazamaji. Miksa haina vigelegele, na taarabu bila vigelegele ni msiba. Sauti zote akazipima kwa mkono, pale besi inapopiga sana isivuke -12, halafu akavaa hedifoni usiku kucha. Otomatiki ya sauti ni mbaya kuliko ya picha: besi ikipiga inamshusha mwimbaji, muziki ukitulia inapandisha kelele za feni.

Beti ya tatu fundi taa akawasha nyekundu zote na dada akawa mwekundu kama pilipili. Kijana mkono ulimwasha, lakini hakugusa kitu. Taa nyekundu iwe nyekundu.

Video shangazi wa Tanga alitumiwa wa kwanza, kabla ya promota. Akapiga simu dakika hiyohiyo: "Sasa mwanangu, umetumia sabuni gani ikakurudisha?" Muscat tiki mbili za bluu zipo tangu Jumanne, jibu bado. Kijana naye bei imepanda, sasa hivi ni laki mbili na nusu, na ukumbi lazima afunguliwe saa 10.