Butembo: Kulasi yenye ufa, kutengeneza ao kutupa?

Kwenye garaji moja ya Butembo, kijana aliweka mbele ya fundi kulasi ya Land Cruiser ya mwaka 1984. Gari aliachiwa na baba yake, na ndilo lililotoa familia kijijini wakati wa vita.

«Papa, itapona?»

Fundi aliisafisha, akapaka mafuta ya taa, akapangusa, kisha akanyunyiza unga wa chaki. Punde si punde mstari wa mafuta ukatokea kwenye chaki: ufa, toka katikati ya valvu mbili mpaka kwenye njia ya maji.

«Hiki ni chuma cha kumimina, mwanangu. Kukichoma kunataka kukipasha moto chote, kisha kukipoza polepole ndani ya majivu. Ukiharakisha, kinapasuka tena. Na ufa ukifika kwenye maji, unaweza kuua mota yote.»

Kijana alinyamaza. Pesa alizokuwa nazo zilitosha kuchoma tu, si kununua ingine.

«Baba yako alikuachia gari, hakukuachia kulasi,» fundi akasema. «Ngoja, tutafute ya okazyo.»

Gari bado liko kwenye mawe. Kijana analeta pesa kidogo kidogo.